Anayempa Mjamzito Kata ya Mbege Ndiye Tuanze Naye

Kwenye sherehe za huku mlimani Kilimanjaro, iwe ubatizo Kibosho, kipaimara Marangu au siku ya kupeleka mahari Machame, kuna jambo moja ambalo sikosi kuliona. Wazee wakishaketi na mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ikishateremshwa, kata huanza kuzunguka. Hupita kwa mzee wa ukoo, ikaenda kwa mjomba, ikafika kwa shangazi, hatimaye ikamfikia binti aliyeolewa mwaka jana, ambaye tumbo limeshaanza kuonekana chini ya kitenge. Zamu yake hairukwi. Akisita, mama mtu mzima aliyeketi kando yake humwinamia na kumwambia kwa upole: "Kunywa kidogo, mwanangu. Hiki ni chakula. Utapata damu, na ukijifungua maziwa yatakuja."

Binti hunywa. Angefanya nini? Kukataa kata mbele ya mama mkwe na mawifi ni kujitafutia jina. Watasema ana maringo ya mjini, au ameudharau ukoo uliompokea. Na mjini kwenyewe mambo hayana tofauti kubwa. Ukumbini Moshi, kwenye kitchen party au harusi, mjamzito huwekewa glasi ya mvinyo mtamu na shoga yake, akihakikishiwa kwamba mwekundu huongeza damu na kwamba glasi moja haijawahi kumdhuru mtu.

Msimamo wangu ni huu: elimu ya kumkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya pombe haitafika mbali hapa Kilimanjaro ikiendelea kumlenga mjamzito peke yake. Tuanze na mkono unaompa kata. Mkono huo ni wa mume, wa mama mkwe, wa wifi, wa mama anayepika mbege, wa rafiki mwenye glasi. Kwetu mimba ni ya ukoo mzima. Mtoto hajazaliwa, lakini jina la babu linamsubiri na kila mtu ana neno la kusema juu ya chakula cha mama yake. Iweje ulinzi wake uachwe kwa mtu mmoja, tena yule ambaye ana sauti ndogo kuliko wote pale alipoketi?

Kinachotokea tumboni

Mama akinywa pombe, kilevi huingia kwenye damu yake na baada ya muda mfupi huvuka kondo la nyuma kikafika kwenye damu ya mtoto. Kondo la nyuma huzuia mambo mengi, lakini kilevi haliwezi kukizuia. Ini la mtoto aliye tumboni ni changa mno kukisaga kilevi kama linavyofanya ini la mtu mzima. Kwa hiyo mtoto hulewa kwa kiwango kinachokaribia cha mama yake, kisha husubiri mwili wa mama umalize kazi. Kilevi kingine huingia kwenye maji ya uzazi yanayomzunguka, na maji hayo huyameza.

Mwaka 1968 daktari Mfaransa Paul Lemoine, wa mji wa Nantes, aliandika habari za watoto 127 waliozaliwa na wazazi walevi, ambao walifanana kwa namna isiyo ya kawaida. Wengi wa madaktari wenzake hawakumsikiliza. Miaka mitano baadaye, mwaka 1973, Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, waliona mambo yaleyale kwa watoto wa akina mama waliokunywa sana: watoto wadogo kwa umbo, vichwa vidogo, macho yenye uwazi mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na kile kijifereji kati ya pua na mdomo kikiwa kimesawazika. Nyuma ya sura hiyo kulikuwa na ubongo ulioumia. Tangu hapo imefahamika pia kwamba walio wengi miongoni mwa watoto walioathirika hawana alama yoyote usoni. Madhara yao yamekaa ndani, kwenye kumbukumbu, kwenye utulivu, kwenye uwezo wa kuhesabu, kupanga na kujizuia.

Madhara hayo hayana dawa ya kuyafuta. Pombe wakati wa ujauzito huongeza pia hatari ya mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, kuzaliwa na uzito mdogo au kuzaliwa mfu. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Kunywa sana kwa mkupuo mmoja ndiko kubaya kuliko kote, lakini hakuna aliyewahi kutuchorea mstari na kusema hapa ndipo salama inapoishia. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Funda moja kwenye ubatizo, kata mbili kwenye mahari, glasi ya harusi, kata ya msiba: miezi tisa ya Mchagga ina shughuli ngapi?

Takwimu zetu wenyewe

Wako watakaosema kwamba haya ni matatizo ya Wazungu. Majibu yako hapahapa Moshi. Hospitali ya Rufaa ya KCMC imekuwa na daftari la vizazi tangu mwaka 2000, lililoanzishwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norway. Mama akishajifungua, mkunga aliyefunzwa huketi naye na kumuuliza habari za ujauzito wake, ikiwamo kama alikunywa pombe. Mwaka 2015 watafiti walichapisha walichokiona katika rekodi za miaka ya 2000 hadi 2010. Mwanzoni mwa kipindi hicho, karibu nusu ya akina mama walisema walikunywa pombe wakiwa wajawazito. Mwishoni, waliosema hivyo walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Na kuwa Mchagga kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohusishwa zaidi na kunywa.

Nazisoma takwimu hizo kwa hisia mbili. Ya kwanza ni matumaini, kwa sababu tabia iliyoonekana kuwa sehemu ya damu yetu imeonekana kupungua ndani ya miaka kumi. Hakuna anayeweza tena kusema kwamba Wachagga hawabadiliki. Ya pili ni tahadhari. Mama anapoulizwa na muuguzi kama alikunywa, na anajua jibu gani linatakiwa, baadhi watasema hapana. Sehemu ya kupungua huko huenda ni kupungua kwa wanaokiri. Na hata tukizikubali hesabu zote kama zilivyo, mmoja kati ya watano ni watoto wengi mno katika mkoa ambao jina lake linatajwa nchi nzima kwa kupenda shule.

"Mbege ni chakula"

Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na haifai kupuuzwa, kwa maana imejengwa juu ya kitu cha kweli. Mbege hutengenezwa kwa ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke wekundu wa kahawia, zikaachwa siku kadhaa, zikachujwa. Ulezi huloweshwa ukaota, ukakaushwa, ukasagwa na kupikwa uji mzito. Viwili hivyo vikichanganywa, na gome la msesewe likatia uchungu wake, mchanganyiko hulala na kuumuka. Asubuhi kinachochotwa kwa kata kina shibe, na bado kina chembe za ulezi zinazoonekana kwa macho. Mtu aliyelima kihambani, kwenye shamba la ukoo, tangu alfajiri akinywa kata moja, njaa hutulia. Bibi zetu hawakutunga uongo waliposema ni chakula.

Lakini ulezi ulikuwa chakula kabla haujawa mbege. Madini ya chuma na chokaa yanayosifiwa yalikuwamo kwenye ule uji, saa nyingi kabla kilevi hakijaanza kutokota. Mama mjamzito anayehitaji damu apewe uji wa ulezi wenye maziwa, mtori wa ndizi na nyama, mnafu na maharage, na vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Hapo atapata kila kizuri kilichomo katika mbege bila kilevi. Na mama anayepika mbege anaijua hatua ile ambapo uji wa ulezi bado haujachanganywa na ndizi zilizolazwa. Hapo anaweza kuteka jagi la mjamzito likanywewa saa ileile. Ukishachanganywa, mambo yamebadilika, hata kama ulimi bado unaonja utamu.

Tena mbege haina kipimo. Bia ina namba kwenye lebo, lakini mbege hutofautiana ukali kwa mpishi, kwa hali ya hewa na kwa siku. Kata ya jana na kata ya leo, kutoka pipa moja, haziko sawa. Anayesema "kidogo tu" anazungumzia kiasi ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Na hoja ya maziwa? Kwa mama anayenyonyesha, kilevi huingia kwenye maziwa na huivuruga homoni inayoyafanya yatiririke, hivyo mtoto huambulia kidogo kuliko kawaida. Kinachomletea mzazi maziwa ni mtoto kunyonya mara kwa mara, chakula, vinywaji vya kutosha na mapumziko. Mila yetu inajua hayo yote. Ile miezi mitatu ambayo mzazi wa Kichagga hukaa ndani akihudumiwa, akiletewa mtori na nyama, haruhusiwi kubeba hata ndoo, ni hazina ambayo wenzetu wengi hawana. Tuidumishe miezi hiyo mitatu, na tuitoe kata ndani yake.

"Mimi nilikunywa na wanangu wazima"

Kila mara mada hii inapotajwa, mama mmoja mwenye heshima zake atasimama na kusema kwamba alikunywa mbege kwenye mimba zote, na wanawe leo ni mainjinia. Hasemi uongo. Makadirio ya kitaalamu ya dunia yanaonyesha kwamba kati ya kila wanawake 13 wanaokunywa wakati wa ujauzito, mmoja hujifungua mtoto aliyeathirika. Maana yake wengi hupona, na kupona kwao ndiko kunakoifanya hatari ionekane haipo.

Lakini ni nani anayejua mapema kwamba yeye si huyo wa 13? Wingi na muda wa kunywa, afya ya mama, lishe, umri, maumbile ya mtoto mwenyewe, vyote vina sehemu yake, na hakuna kipimo cha kliniki kinachoweza kumwambia mama yuko upande gani. Injinia tunamwona akirudi Desemba na gari. Yule mwingine hatumhesabu, maana hatukuwahi kulihusisha tatizo lake na kata. Tulimwita mtukutu, mzito wa kuelewa, mtoto aliyelogwa. Mama yake anaweza kusimama mbele ya watu akasema nini?

Gharama ya kaya

Tumtazame mtoto huyo kwa karibu. Ana miaka tisa, yuko darasa la tatu katika shule moja ya mteremkoni. Jana alijua jedwali la mbili, leo limefutika. Mwalimu akitoa maagizo matatu kwa mpigo, yeye hubaki na moja. Hakai kitini. Anachukua penseli ya mwenzake bila kuona kosa, na akichapwa analia, kesho anarudia, kwa sababu fimbo haiwezi kurudisha uwezo ambao haukuumbika. Darasa lina watoto wengi, mwalimu amechoka, na hakuna aliyemfundisha kulitambua tatizo la namna hii.

Si kila mtoto mzito darasani aliathiriwa na pombe. Utapiamlo, malaria kali, uchungu wa muda mrefu wakati wa kuzaliwa, vyote huumiza ubongo. Lakini hivi vingine tunavitaja na kuvipigania. Hiki tunakinyamazia.

Gharama ya ukimya huo hulipwa jikoni. Mama hawezi kwenda sokoni Mbuyuni kuuza ndizi kwa utulivu akijua mwanawe ametoroka shule tena. Fedha ya kikoba iliyokusudiwa kununua mabati inaishia kwa waganga na kwenye masomo ya ziada yasiyoingia kichwani. Baba analaumu upande wa mama, upande wa mama unalaumu mashetani ya upande wa baba. Kijana akifika miaka 16, mwepesi wa kushawishika na asiyeona matokeo ya anachokitenda, ndiye anayetangulizwa na wenzake kwenye wizi na ndiye anayekamatwa. Wazazi wakizeeka, kihamba kinarithiwa na mtu asiyeweza kukisimamia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa maisha yote ya mtoto, kisha ndugu zake wakaendelea kuujenga.

Aibu haifundishi

Wapo wanaodhani dawa ni kuwakaripia wajawazito wanaoonekana kilabuni, au kuwatangaza kanisani. Mama aliyeaibishwa haachi pombe, anajifunza kuificha. Akifika kliniki atasema hanywi, na muuguzi ataandika hivyo kwenye kadi. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini ni nani aliyemfundisha kuficha?

Tukumbuke pia kwamba wanawake wengi hukaa wiki kadhaa bila kujua wameshika mimba, na wengi huanza kliniki miezi mitatu ikiwa imeshapita. Katika wiki hizo za mwanzo ndipo moyo na uso wa mtoto vinapoumbika. Aliyekunywa kwa kutojua hastahili hukumu. Anastahili kuambiwa ukweli wa kumtia nguvu: ubongo wa mtoto hukua miezi yote tisa, kwa hiyo kuacha leo kunamfaa mtoto leo, hata kama mimba ina miezi sita. Na wasichana waelezwe mapema, pamoja na elimu ya uzazi wa mpango, kwamba anayetafuta mtoto, au asiyejikinga, afadhali aiache pombe kabla hajaona dalili.

Kuna kundi jingine ambalo halizungumzwi kabisa, nalo ni wanawake ambao pombe imeshawashika. Anayekunywa gongo kila siku hawezi kuambiwa "acha" akaacha jioni hiyo. Kuacha ghafla kwa mtu aliyezoea kunywa sana kila siku kunaweza kuleta degedege na kuhatarisha maisha yake na ya mtoto. Huyu anahitaji hospitali, daktari na ndugu wa kumshika mkono. Akikemewa tu, tumempoteza yeye na aliyembeba.

Mji mdogo uliofanikiwa

Afrika Kusini ndiyo imebeba mzigo wa watoto walioathiriwa na pombe tumboni kuliko nchi nyingi duniani. Katika mashamba ya mizabibu ya Rasi ya Magharibi, kwa vizazi na vizazi, vibarua walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo. Mtindo huo ulipigwa marufuku, lakini kiu yake ilibaki, na watoto wanaendelea kuilipa.

Hata hivyo, kutoka nchi hiyohiyo kuna habari njema. Katika De Aar, mji wa reli ulioko Rasi ya Kaskazini, shirika la FARR linaloshughulikia madhara ya pombe lilipeleka elimu kwa mji mzima. Halikuishia kliniki. Lilizungumza na wanaume, na vijana, na wafanyakazi wa afya, na watu mitaani, huku wajawazito wakisaidiwa bila kuhukumiwa. Watafiti walipowapima watoto waliozaliwa kabla na baada ya kampeni, waliona idadi ya walioathirika imeshuka kwa karibu asilimia 30. Pombe ilikuwa bado inauzwa mjini. Kilichobadilika ni kile ambacho mji ulijua na kile ambacho jirani alimwambia jirani.

Hapa kwetu Serikali imewahi kuchukua hatua kali. Kuanzia Machi 1, 2017 ilipiga marufuku viroba, ile mifuko midogo ya plastiki ya pombe kali iliyokuwa inauzwa hadi kwa watoto, na ilifanya vema. Lakini marufuku ya namna hiyo haiwezi kuingia kwenye ubatizo wa mjukuu. Mbege hupikwa nyumbani, huchotwa na bibi, hutolewa kwa upendo. Sidai mbege ipigwe marufuku, na sioni sababu. Akina mama wengi wamesomesha watoto kwa pipa hilo. Ninachodai ni kwamba elimu ifike pale pipa lilipo.

Tufanye nini, na nani afanye

Njia zipo na hazihitaji jengo jipya. Tanzania inawahimiza akina baba kuwasindikiza wake zao kliniki ya kwanza ili wapime VVU pamoja, na kazi hiyo imeokoa watoto wengi. Baba akiwa ameshaketi pale kwenye benchi, muuguzi aongeze dakika tano. Amweleze kinachotokea kata inapofika kwa mtoto wake, na amwombe jambo moja: atakapokuwa kwenye sherehe, aipokee yeye kata ya mkewe. Mume akisema "hii ya kwake nipeni mimi, daktari amekataza," mjadala umekwisha, na mke hajaonekana mkaidi. Anayeweza zaidi aache kunywa naye miezi hiyo tisa.

Mama mkwe hafiki kliniki, lakini kila wiki yuko kwenye jumuiya ndogondogo, WAWATA ya wanawake Wakatoliki, umoja wa wanawake wa KKKT au kikoba. Mada hii ipelekwe huko, na iongozwe na bibi mwenzake badala ya kijana mwenye makaratasi. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii uliozinduliwa nchini Januari 2024 uitumie nafasi hiyo. Mhudumu anayepita nyumba hadi nyumba Uru au Mwika aulize habari za pombe kama anavyouliza habari za chandarua, kwa sauti ileile isiyo na lawama.

KCMC tayari ina uzoefu wa mazungumzo mafupi ya namna hii. Mradi wa Punguza Pombe Kwa Afya Yako, uliobuniwa kwa Kiswahili kwa ajili ya majeruhi wanaofikishwa kitengo cha dharura, huwatumia wauguzi kuzungumza na mgonjwa kwa heshima, wakimsaidia aone mwenyewe pombe inamgharimu nini. Mazungumzo kama hayo yanaweza kuandaliwa kwa kliniki za wajawazito, kuanzia hospitali ya Mawenzi hadi zahanati ya mwisho kabisa kule Rombo. Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu mwaka 2014 kwamba kila mjamzito aulizwe kuhusu pombe kila anapohudhuria. Tumuulize kweli, na tuwe na la kumpa akijibu ndiyo.

Mpishi wa mbege naye ana nafasi kubwa. Yeye huionja kila inapoiva, na mwenye kukaribisha hutangulia kunywa funda la kwanza mbele ya mgeni. Akiwa mjamzito, maana yake anakunywa kila anapopika, bila kujihesabu mnywaji. Amwachie mwingine kuonja mpaka ajifungue na amalize kunyonyesha. Na kwenye kila shughuli, kando ya pipa, kiwekwe chombo cha uji wa ulezi kwa ajili ya wajawazito, kipewe kata yake safi yenye heshima, ili anayekunywa humo asionekane amejitenga na ukoo.

Makanisa yetu yana kengele. Tangu mwaka 1999, kila Septemba 9 dunia hukumbuka watoto walioathirika na pombe wakiwa tumboni. Siku ya tisa ya mwezi wa tisa ilichaguliwa kwa sababu ya miezi tisa ya ujauzito, na katika miji mbalimbali kengele hulizwa saa tatu na dakika tisa asubuhi. Hebu fikiria kengele za Kilema, Kibosho, Machame na Old Moshi zikilia kwa pamoja mlima mzima. Mtoto gani hatauliza kuna nini? Na atakayeulizwa itabidi ajibu.

Desemba inakuja. Magari yatapanda kutoka Dar es Salaam na Arusha, vihamba vitajaa watu, mapipa yatafunguliwa kuanzia Siha hadi Tarakea. Kata zitazunguka, na mabinti wengi wenye mimba watakuwa wameketi kwenye mzunguko huo wakisubiri zamu zao. Wewe unayesoma, kama kata itapita mkononi mwako kabla ya kumfikia mmoja wao, iruke zamu yake. Usimsubiri akatae mwenyewe. Mpe uji wa ulezi, na uwaambie waliopo kwa nini umefanya hivyo.